Vifaa vya kuchezea matope kwa mtoto mkubwa

Msikilizaji, mtoto wa miaka 9 au 10 hana tena haja na kindoo cha plastiki na koleo la kitoto. Anataka kuchimba kweli, ajenge bwawa, maji yapite anapotaka yeye. Mpe karai, mwiko wa fundi uliochakaa, vipande vya bomba la plastiki na elbo zake, na madumu mawili. Dumu moja likate chini liwe faneli, kisha kingo uzisugue kwa msasa, maana plastiki iliyokatwa huchana kidole kama wembe.

Dumu liwe lilibeba maji au mafuta ya kula. Lililobeba dawa ya shambani usilikubali hata likioshwa mara kumi. Saruji nayo iwe mbali: ikilowa huunguza ngozi. Mchanga ufunikwe jioni, paka wasije wakaugeuza choo, na mtoto avae viatu, kwani mabuu ya safura hupenya kwenye nyayo.

Mchezo ukiisha, maji yote yamwagwe. Ndoo yenye maji kidogo tu yaweza kumzamisha mdogo wake anayetambaa. Nguo? Zile kuukuu, na azifue mwenyewe.