Futari na Kazi ya Moyo



Ndugu zangu vijana, kina mama na kina baba, leo tuongee kuhusu moyo huu ulioko kifuani, ukubwa wake kama ngumi yako.

Ukiwa umekaa umetulia, moyo wa mtu mzima husukuma damu kama lita 5 kwa dakika. Kiasi cha lita moja na ushei huenda tumboni na kwenye matumbo. Sasa adhana ya Maghribi imelia, umekula. Mishipa ya huko hupanuka, na damu inayohitajika yaweza kuwa maradufu. Itatoka wapi? Moyo huongeza mapigo na kusukuma zaidi. Kazi hii hupamba moto nusu saa hadi saa moja baada ya kula, na mlo ukiwa mkubwa huendelea saa kadhaa.

Kwa mwenye afya huo si ugonjwa, ndivyo Mwenyezi Mungu alivyotuumba. Lakini tazama futari zetu: viazi karai, bajia, kaimati, mbaazi za nazi, muhogo, kisha pilau juu yake, yote kikao kimoja! Mlo ukizidi, na kazi ya moyo huzidi. Isha yaingia, kijana amejinyoosha mkekani asema swaumu imemchosha. Swaumu yasingiziwa bure!

Wazee wetu tuwaangalie zaidi. Baadhi yao moyo na mishipa hushindwa kufidia upesi, presha ikashuka baada ya kula, hasa vyakula vya wanga na sukari. Akiinuka ghafla kwenda tarawehe, kizunguzungu, pengine aanguke. Mpakulie kidogo kidogo, anywe maji, ainuke polepole, na umshike mkono.

Basi tufanyeje? Fungua kwa tende na maji, sali Maghribi, kisha ule kiasi. Kilichobaki kitakungoja baada ya tarawehe. Wewe wa Likoni unayekimbilia feri, nawe wa Kisauni au Changamwe unayetaka mpira baada ya futari, subiri kwanza: miguu itadai damu na tumbo bado ladai. Na mwenye kubanwa na kifua akila, asiseme ni gesi tu. Aende hospitali.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha tuligawe tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Jioni hii, kabla hujaongeza sahani ya pili, likumbuke fungu la pumzi.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.