Mshtuko wa Moyo Usipotambuliwa: Njia za Kisheria kwa Mgonjwa na Familia

Ifuatayo ni hotuba ya Afisa Sheria wa Halmashauri katika mkutano wa elimu ya sheria na huduma za afya uliowakutanisha madiwani, wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo vya afya na wananchi.



Mkulima mwenye umri wa miaka 58 anaamka saa 9 usiku akiwa na maumivu katikati ya kifua, jasho jembamba na kichefuchefu. Anasubiri kupambazuke. Saa 1 asubuhi mwanawe anampakia kwenye bodaboda hadi kituo cha tiba. Anasikilizwa kwa dakika chache, daftari linaandikwa "vidonda vya tumbo", anapewa dawa ya kupunguza asidi na kuruhusiwa kurudi nyumbani. Jioni anaanguka uani. Anafariki dunia akiwa njiani kupelekwa hospitali.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo la leo, lakini msiba wa namna hii si mgeni katika jamii. Baada ya maziko, ndugu huketi kikao na maoni hugawanyika. Wapo wasemao kwamba siku za marehemu zilikuwa zimetimia na hakuna la kuuliza. Wapo watakao kwenda kituoni kumkabili mganga kwa hasira. Kati ya kunyamaza na kufanya fujo ipo njia ya tatu, nayo ni njia ya sheria. Njia hiyo ina masharti yake, na anayeyajua mapema ndiye huifikia haki.

Kwanza ifahamike kwa nini kosa hili hutokea. Mshtuko wa moyo ni kuziba kwa mshipa unaolisha msuli wa moyo, hata sehemu ya msuli huo ikaanza kufa kwa kukosa damu. Dalili iliyozoeleka ni maumivu ya kifua yanayoweza kuenea begani, mkononi, shingoni au kwenye taya. Hata hivyo, kwa wanawake, wazee na watu wenye kisukari, dalili zinaweza kuwa uchovu mkubwa, kupumua kwa shida, au maumivu ya chembe ya moyo yanayofanana kabisa na ya vidonda vya tumbo. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro ulionesha kwamba wagonjwa wengi waliofika hospitali wakiwa na mshtuko wa moyo hawakutambuliwa na waliowahudumia.

Miongozo ya tiba inaelekeza kwamba mwenye maumivu ya kifua yanayotia shaka apimwe umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu afike. Kipimo cha kwanza kikiwa cha kawaida, hakitoshi kumwondolea mtu shaka. Hurudiwa, na damu hupimwa troponini, ambayo huanza kupanda saa chache baada ya msuli wa moyo kuumia. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hufaa zaidi katika saa za mwanzo, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze. Mkulima wa mfano wetu alifika kituoni katika saa ya 4. Muda ulikuwa bado upo.

Je, hilo latosha kuifanya mahakama itoe fidia? Jibu la sheria ni kwamba peke yake halitoshi. Kukosea kutambua ugonjwa si lazima kuwe uzembe, kwa maana tabibu mwangalifu naye aweza kukosea. Mdai hutakiwa kuthibitisha mambo matatu, na kila moja lisimame kwa ushahidi wake.

Jambo la kwanza ni wajibu. Tabibu au kituo kilikuwa kimempokea mgonjwa na hivyo kilipaswa kumhudumia kwa uangalifu. Hili mara nyingi halina ubishi, ilimradi kuna daftari au kadi yenye jina na tarehe.

Jambo la pili ni kukiukwa kwa wajibu huo. Mahakama hupima tendo la tabibu kwa kulilinganisha na lile ambalo tabibu mwenzake wa taaluma hiyo hiyo, aliye makini, angelifanya katika mazingira yale yale. Zahanati isiyo na mashine ya kupima umeme wa moyo haihukumiwi kama hospitali ya rufaa. Kukosa mashine si kosa la tabibu. Kutomwandikia rufaa mgonjwa mwenye dalili za hatari kwaweza kuwa kosa. Maswali huwa mepesi: Je, aliulizwa maumivu yalianza lini? Je, alipimwa shinikizo la damu? Je, aliulizwa kuhusu kisukari au uvutaji wa sigara? Je, aliambiwa arudi mara moja hali ikibadilika?

Jambo la tatu ndilo huangusha madai mengi, nalo ni kuonesha kwamba madhara yalitokana na kosa hilo. Mfano unaofundishwa katika vyuo vya sheria ni shauri la Uingereza la Barnett dhidi ya kamati ya hospitali ya Chelsea. Mwaka 1966 walinzi watatu wa usiku walikunywa chai na kuanza kutapika, wakaenda hospitali. Daktari wa zamu hakutoka kuwaona. Alituma ujumbe kwamba warudi nyumbani na wawaite madaktari wao. Mmoja wao alifariki saa chache baadaye, ikagundulika kwamba chai ilikuwa na sumu ya aseniki. Mahakama ilikubali kwamba kulikuwa na uzembe, lakini mjane hakupata fidia, kwa kuwa ilithibitika kwamba hata angehudumiwa kwa wakati, mumewe asingeweza kuokolewa. Kanuni hiyo imeenea katika nchi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, Tanzania ikiwamo.

Hivyo basi, familia ya mkulima wetu haitaulizwa tu iwapo tabibu alikosea. Itaulizwa iwapo kipimo au rufaa ya saa 1 asubuhi, kwa uwezekano ulio mkubwa zaidi, ingemwokoa au kumpunguzia madhara. Jibu hilo hutolewa na daktari bingwa wa moyo akiwa shahidi mtaalamu, naye hawezi kulitoa bila kumbukumbu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa madai ya tiba, daftari ndilo shahidi wa kwanza. Mgonjwa au familia itunze kadi, cheti cha rufaa, stakabadhi za malipo, karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, na hata vifungashio vya dawa zilizotolewa. Iandike, kumbukumbu ikingali mpya, saa ya kufika kituoni, maneno ya mgonjwa mwenyewe na majina ya walioshuhudia. Nakala za kumbukumbu ziombwe kwa barua kwa Mganga Mfawidhi, na nakala ya barua hiyo igongwe mhuri wa kupokelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake binafsi zinazoshikiliwa na taasisi.

Pakiwa na kifo, lipo jambo zito zaidi. Bila uchunguzi wa mwili kufanywa na daktari kabla ya maziko, mara nyingi chanzo cha kifo hubaki dhana. Ni vigumu kulizungumza jambo hili msibani, na kila familia ina imani na desturi zake za kuharakisha maziko. Uamuzi ni wa familia. Lakini ni haki yao waujue uzito wake kabla kaburi halijafukiwa.

Baada ya kumbukumbu kupatikana, njia zilizopo ni nne, na kila moja ina shabaha yake.

Njia ya kwanza ni malalamiko ndani ya mfumo wa huduma: kwa Mganga Mfawidhi, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na kupitia Kamati ya Usimamizi wa Kituo au Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri. Njia hii haina gharama kubwa. Humfaa anayetaka maelezo, kuombwa radhi na marekebisho ya huduma ili mwingine asipatwe na yale yale. Anayelalamika hapotezi haki ya kutibiwa.

Njia ya pili ni mabaraza ya taaluma. Baraza la Madaktari Tanganyika linasimamia maadili ya madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017. Wauguzi na wakunga wana Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Mabaraza haya yaweza kuonya, kusimamisha au kufuta usajili wa mtaalamu. Shabaha yao ni nidhamu na usalama wa umma. Anayetafuta fidia ya fedha atalazimika kwenda mahakamani.

Njia ya tatu ni jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalitambua kosa la kutoa matibabu kwa uzembe unaohatarisha maisha. Malalamiko hupelekwa polisi. Kipimo cha ushahidi hapa ni cha juu, kwa kuwa kosa lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi. Kosa la kawaida la kutambua ugonjwa ni nadra kufikia hapo.

Njia ya nne ni madai ya fidia mahakamani. Aliyenusurika hudai gharama za matibabu, kipato kilichopotea, na maumivu. Pakiwa na kifo, sheria iliyo katika Sura ya 310 inawaruhusu wategemezi, yaani mume au mke, watoto na wazazi, wanufaike na madai hayo, ambayo kwa kawaida hufunguliwa na msimamizi wa mirathi. Kwa hiyo kikao cha ukoo kisichelewe kupendekeza msimamizi na kumpeleka mahakamani athibitishwe. Mashauri mengi hupitia usuluhishi kabla ya kusikilizwa, na pande zote zaweza kumaliza jambo hapo kwa makubaliano.

Ndugu wananchi, muda hauwasubiri wafiwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Anayedaiwa akiwa hospitali binafsi, shauri hufunguliwa kwa utaratibu wa kawaida wa madai. Anayedaiwa akiwa Serikali, au Halmashauri, lipo sharti la ziada: notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 90 kabla ya kufungua shauri, ikieleza msingi wa madai, na nakala yake kwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika shauri, nalo hufunguliwa Mahakama Kuu. Shauri lililopuuza notisi huondolewa hata kama madai yake yalikuwa ya kweli. Asingoje mtu mwaka wa tatu ndipo aanze kuuliza njia.

Hapa lazima pasemwe wazi. Zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya vinamilikiwa na Halmashauri. Mwananchi akidai kwa kosa lililotendeka huko, mdaiwa ni Halmashauri hii hii inayotoa elimu hii leo, na ofisi ya sheria itakuwa upande wa pili wa meza. Kwa sababu hiyo mwananchi asitegemee ushauri wa ofisi hiyo katika shauri lake. Atafute wa kwake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili, na Ofisi ya Maendeleo ya Jamii huwaelekeza wananchi kwa watoa msaada waliosajiliwa. Wasaidizi wa kisheria waweza kumsaidia mtu kuelewa utaratibu na kuandaa barua. Shauri la Mahakama Kuu ni vyema liendeshwe na wakili.

Na watumishi wa afya waliopo hapa wasiione elimu hii kuwa ni vita dhidi yao. Tabibu aliyeandika saa, dalili, vipimo na sababu ya uamuzi wake ana ngao iliyo imara. Mstari mmoja usemao "maumivu ya kifua, apelekwe hospitali kwa kipimo cha umeme wa moyo" humlinda mgonjwa na mwandishi wake kwa pamoja. Ukurasa mtupu haumlindi yeyote.

Mtoto wa yule mkulima, atakaposimama mbele ya dirisha la kituo akiwa na barua ya kuomba kumbukumbu za baba yake, asionekane mkorofi. Anauliza swali ambalo sheria imempa haki ya kuliuliza. Apokelewe, barua yake igongwe mhuri, na ajibiwe.