Wakati mukate unageuka ugonjwa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Mwezi uliopita mama mumoja wa kwetu alinifuata kwenye kituo cha afya. Mutoto wake wa miaka mine anaharisha, tumbo limevimba, mikono imekonda. Dawa ya minyoo amemeza mpaka basi. Majirani wanasema ni sumu, na kidole kinaonyesha mke-mwenzake. Ndiyo maana niliomba nafasi ya kuongea leo.

Kuna ugonjwa unaitwa seliaki. Hauambukizi, wala hakuna mutu anayeutia kwenye sahani. Mwili wa mgonjwa unakataa gluteni, protini iliyo ndani ya ngano na shayiri. Akikula mukate, chapati, mandazi ao biskuti, kinga za mwili wake zinaharibu utumbo mwembamba, chakula kinapita bila kumujenga. Wakubwa pia wanaupata. Wengine hawaharishi, wanapungukiwa damu tu.

Sisi tuliokula rasio tutaelewa hii vizuri. Uholanzi, wakati wa njaa ya vita ya 1944-45, munganga Willem Dicke aliona watoto wenye ugonjwa huu wanapata nafuu mukate ulipokosekana. Uliporudi, ugonjwa ukarudi. Na wakimbizi wa Sahara Magharibi walio Algeria, wenye kula sana ngano: mwaka 1999 waganga waliandika kwamba watoto 5 ao 6 katika kila 100 wanao. Kwingi duniani ni kama mutu 1 katika 100.

Lakini tusikimbie. Chakula chetu ni muhogo na mahindi, havina gluteni. Minyoo, amiba, kifua kikuu, VIH, hivyo vichunguzwe kwanza. Kisha inapimwa damu, na mara nyingi kamera ndogo inapitishwa kinywani mpaka utumboni, wanakata kipande kidogo cha kuangalia.

Hapa musikilize sana: kipimo kinataka mutu awe bado anakula ngano. Yule mama alikuwa amekwisha kukatisha mandazi. Sikumulaumu, ni mutoto wake! Ila damu inaweza kudanganya, inabidi munganga amuongoze kwanza.

Kidonge hakuna. Ni kuacha ngano maisha yote. Bugali, muchele, maharagi, sombe, samaki, anakula bila shida.

Barua ya hospitali kubwa imekwisha kuandikwa. Imebaki transpoti ya mama na mutoto. Naomba komite ifungue sanduku leo, mbele hatujatawanyika. Na yule mke-mwenzake ameketi pale nyuma, mumusalimie.