Mrija Mmoja Ukiondolewa: Haki ya Kuuliza Kabla ya Upasuaji



Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ambayo mara nyingi hukaa katika mrija, haiwezi kukua hadi mtoto akazaliwa. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni na uhai wa mama huwa hatarini. Hapo upasuaji haungoji mjadala. Lakini mimba hiyo ikigunduliwa mapema, mgonjwa ana haki ya kuelezwa njia zilizopo kabla hajatia saini fomu ya ridhaa.

Njia za upasuaji ni mbili: kuuondoa mrija, au kuupasua, kuitoa mimba na kuuacha mrija. Wengi hudhani kuwa njia ya pili ndiyo pekee inayohifadhi uzazi. Utafiti wa Ulaya na Marekani, uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la The Lancet, ulihusisha wanawake 446 ambao mrija wao wa pili ulikuwa mzima. Ndani ya miaka 3, takriban asilimia 61 ya walioachiwa mrija walipata mimba kwa njia ya kawaida, na asilimia 56 ya walioondolewa. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba njia moja ni bora. Hata hivyo, mabaki ya mimba yalionekana kwa asilimia 7 ya walioachiwa mrija, na kwa wenzao hayakufika asilimia 1.

Basi swali la kwanza liwe: mrija wa pili una hali gani? Ukiwa mzima, kuondolewa mmoja si mwisho wa uzazi. Ukiwa umeharibika au ulikwisha kuondolewa, kuuhifadhi huu uliobaki hupata uzito mkubwa. Mkiachiwa mrija, ulizeni pia tarehe za kurudi kupimwa damu, hadi homoni ya mimba iishe.

Baada ya upasuaji, ombeni taarifa ya maandishi inayoeleza ni mrija upi uliotibiwa, kwa njia gani, na wa pili ulionekanaje. Itunzeni. Aliyewahi kupata tatizo hili yumo katika hatari kubwa zaidi ya kulipata tena. Kwa hiyo akikosa siku zake asingoje maumivu, bali aende mapema kupimwa kwa ultrasaundi, taarifa hiyo ikiwa mkononi.