Ghorofa Mtaani Kwetu: Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka 10



 

Katibu amekwisha soma risala na mahesabu mmeyasikia, sina haja ya kuyarudia. Tulianza na hisa ya shilingi elfu moja, na wengine wetu hata hiyo elfu moja tuliipata baada ya kuuza maharage sokoni tukarudi nyumbani na ndoo tupu kichwani. Leo kuna wenzetu humu ndani wamevua nyasi wakapiga bati, na kuna waliojenga kabisa kuanzia msingi. Niliambiwa niseme juu ya mafanikio hayo. Lakini ndugu zangu, nyumba hizo hizo tulizoziezeka kwa fedha ya sanduku ndizo zinazoninyima usingizi mwaka huu. Kwa hiyo mnisamehe, nitazungumza habari ya ghorofa.

Wengi mnajua, ila wageni hawajui. Baada ya Pasaka alikuja mtu mtaani kwetu hapa Izia. Anataka viwanja vinne vilivyopangana, avunje nyumba, asimamishe ghorofa tano za kupangisha. Katika nyumba hizo nne, tatu ni za wanachama wa kikundi hiki. Bei aliyoitaja ilifanya watu wapate kizunguzungu. Kesho yake mtaa mzima ukawa umegawanyika, na sisi tuliokuwa tunakula sahani moja tukaanza kusalimiana kwa mbali.

Kikao cha kwanza tulipiga kelele tu, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele. Nilisema hatutaki. Na sababu zangu zilikuwa za kweli, bado ni za kweli. Sisi Wafipa uani ndiyo ghala. Mwezi wa sita na wa saba tunaanika mahindi, tunaanika maharage na ulezi, na jua la huku ninyi mnalijua, linakuja na baridi na upepo, ukikosa saa tatu za jua mzigo unaoza. Sasa ukuta wa ghorofa tano ukisimama upande wa mashariki, jua utalipata saa ngapi? Tena bafu zetu nyingi ni uzio wa mabanzi, juu wazi. Mtu akiwa dirishani ghorofa ya nne anaona nini? (Akina baba msicheke, na ninyi mnaogea humo humo.) Halafu kuna hili la choo. Sisi tunachimba shimo, kaya moja shimo moja. Kaya ishirini zikivuta maji kila asubuhi, ule uchafu unakwenda wapi, na karo likijaa litafurikia uwanja wa nani? Hilo ndilo swali lililomkera yule bwana kuliko yote. Alisema tunazuia maendeleo.

Mimi sizuii maendeleo. Toka barabara ya lami ya Tunduma ilipokamilika, mji huu watu wanaingia kila siku, walimu, waganga, wafanyabiashara, na vyumba vya kupanga ni shida. Kuna wanachama humu wanaishi kwa kodi ya chumba kimoja. Ghorofa ni nyumba kama nyumba nyingine. Ila ghorofa ikikosewa haimwangukii mwenyewe peke yake. Mnakumbuka Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, Dar es Salaam, Mtaa wa Indira Gandhi. Jengo lile lilitajwa kuwa na kibali cha ghorofa 10, likapandishwa mpaka 16, likaanguka asubuhi. Watu 36 walikufa, na baadhi yao walikuwa watoto wanacheza tu pale jirani. Hawakuwa na hisa katika jengo lile. Na Novemba 2024 tukaona tena Kariakoo, watu wanachimbuliwa chini ya vifusi, wengine wanapiga simu wakiwa huko huko chini.

Sasa nieleze jambo lililonibadilisha mimi kutoka kwenye kelele.

Mwaka 2023 nilikwenda Dar es Salaam kumtunza mtoto wa dada yangu aliyekuwa amejifungua. Anakaa Magomeni. Kila asubuhi nikitoka kununua vitumbua nayaona yale majumba marefu ya Magomeni Kota, mapya, yanapendeza kweli. Nikauliza habari zake, na habari zenyewe baadaye nikazifuatilia kwenye redio na kwa watu wanaojua. Pale zamani zilikuwa nyumba za chini, za kota, chini ya Manispaa ya Kinondoni, na kaya 644 zilikuwa zinaishi humo, wengine wamezeekea humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakaambiwa watoke, nyumba zivunjwe, pajengwe majumba ya kisasa, na wao watarudi. Wakatoka. Nyumba zikavunjwa. Halafu hapakujengwa kitu. Eneo likakaa, nyasi zikaota katikati ya jiji, na wenyewe wakatawanyika kupanga huku na huko wakisubiri neno. Mwaka 2016 Rais Magufuli akafika, akawasikiliza, akaahidi zijengwe na kaya zile 644 zirudi. Ujenzi ukafanyika. Yeye akafariki Machi 2021 kabla ya kuzizindua, na Rais Samia akazizindua Machi 2022.

Hebu hesabuni pamoja nami. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza wakati wazazi wake wanafungasha vyombo, siku majumba yanafunguliwa alikuwa anakaribia kumaliza kidato cha nne. Miaka kumi hiyo. Miaka ambayo sisi hapa tumekuwa tukisherehekea leo kwa keki na ngoma, wenzetu waliimaliza wakilipa kodi kwenye nyumba za watu. Na hata walipoingia, maneno yakaanza upya: je, tunakaa bure, tunapanga, au tunanunua? Ikaamuliwa wanunue kidogo kidogo, mpangaji mnunuzi, na bei ya ardhi isihesabiwe. Nashukuru kwa hilo. Lakini ni swali la kuulizwa kabla hujafunga virago, siyo baada ya miaka kumi.

Na wale walikuwa kaya 644, katikati ya Dar es Salaam, waandishi wa habari wako karibu, Rais anapita barabarani. Sisi ni nyumba nne Izia. Tukisahauliwa nani atakuja kutukumbuka?

Niliporudi nikafungua daftari letu la kikundi. Mwaka wa pili, wanachama wa zamani mnakumbuka, tulipoteza shilingi laki moja na themanini. Nani alizipoteza? Mwenyekiti. Nilimpa jamaa yangu mkopo kwa mdomo, sikuandika, kwa sababu ni mtu wa nyumbani, nikaona aibu kumwambia atie sahihi. Akahamia Mpanda. Nikalipa mimi, mbuzi wawili walikwenda. Toka siku hiyo hapa kwetu mtu akisema, "Mama Mwenyekiti, nililipa wiki iliyopita, kwani huniamini?" tunamjibu tunakuamini, lakini daftari halikuoni. Hela ya sabuni tunaiandika. Sasa yule bwana alikuja na ahadi za nyumba nzima nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aandike!

Mwenzetu mmoja, mjane, ameahidiwa fedha na vyumba viwili vya chini ndani ya hiyo ghorofa, akae yeye na wajukuu. Ameahidiwa kwa mdomo. Ndiyo maana anataka kuuza, na watu wakaanza kumsema kwamba anatuuza sisi. Nasema mbele ya wageni: amwache mwenzetu kila anayemsema. Ana wajukuu wanne na karo za shule. Mimi ningekuwa na mzigo wake pengine ningeshasaini.

Tulimwomba mtu anayejua sheria atufafanulie, akaja siku mbili, tukampa kuku. Alitueleza hivi. Serikali ikichukua ardhi yako, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na ndani yake kuna posho ya usumbufu, ya kusafirisha vyombo, na ya pango la miezi 36. Lakini mtu binafsi akija kununua, hayo hayamfungi. Kinachomfunga ni mlichoandikiana. Tena ipo sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ndani ya jengo na kupewa hati ya sehemu hiyo, kwa hiyo vile vyumba viwili vya mwenzetu vinaweza kuandikwa, siyo ndoto. Na kwa wale wenye waume: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu baba kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mama. Hapo akina baba wawili walikohoa.

Basi kikao cha tatu hatukupiga kelele. Tulimpa yule bwana karatasi. Tunataka kuona ramani na kibali, na kibali ni cha ghorofa ngapi. Karo litakaa wapi na litanyonywa na nani. Ukuta utakuwa umbali gani na uani kwa jirani asiyeuza. Anayehama atakaa wapi wakati wa ujenzi, kwa fedha ya nani, na ujenzi ukisimama njiani inakuwaje. Vyumba vya mwenzetu viandikwe mbele ya wakili. Aliisoma ile karatasi amesimama, akaikunja akaiweka mfukoni, akasema atarudi baada ya mavuno. Mavuno yamekwisha. Hajarudi. Wapo wanaosema nimemfukuza mnunuzi, na mmoja wa wenye nyumba hizo nne hanisemeshi mpaka leo. Mimi sijui kama atarudi yeye au atakuja mwingine, lakini viwanja vyetu viko karibu na barabara, atakuja mtu.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo, baada ya hisa, kila mwanachama aje na karatasi ya kiwanja chake, ofa, hati, au hata ile ya mauziano ya mtaa. Asiye na karatasi aje hivyo hivyo, aje na jina la shahidi aliyekuwepo siku ananunua. Katibu amenunua daftari jipya. Mjane wetu tutaanza naye.

Sasa chakula kiko tayari, na waliopika wamenikonyeza mara mbili. Karibuni sana.