Saa za Kazi za Mtunga Hadithi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bugarama)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme habari za kazi ya mtu atungaye hadithi: huamka saa ngapi, hukaa mezani muda gani, hupata nini, na nani humlipa. Ombi hili halikuzuka bure. Mwenzetu mmoja, karani wa miaka mingi, ambaye hatulitaji jina lake kwa kuwa ndivyo alivyotaka mwenyewe, amekwisha kuandika madaftari matatu ya hadithi moja ndefu, na sasa anawaza kuacha kazi ya Serikali ili apate kuandika mchana kutwa. Kabla ya kupeleka barua yake ametaka shauri la Chama. Mtu huyu ana mke na watoto wanne wanaosoma. Nasi twaona shauri la namna hii halifai kutolewa kwa kukisia. Yatupasa kwanza kutazama jinsi walivyoishi wale waliotutangulia.

Wako watu wengi wadhanio kuwa kazi ya mtungaji ni kungojea. Hukaa chini ya mwembe, hutazama mawingu, hata maneno yamshukie. Tumesoma maisha ya watungaji si haba, wala hatujamwona aliyeacha vitabu vingi kwa njia hiyo. Tuliowaona ni watu wa saa. Mmoja wao alikuwa mtumishi wa Serikali kama sisi: Anthony Trollope wa Uingereza, aliyeingia kazi ya Posta mwaka 1834 akatoka 1867. Alikuwa mezani pake saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ya mfukoni imewekwa mbele yake, naye akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Akiisha kuandika muda wa saa tatu hivi, huvaa nguo zake akaenda kazini. Akaacha riwaya 47. Habari hizi alizieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1883, naye amekwisha kufa, na wasomaji wengine wakachukizwa mno, maana walitaka kuamini kwamba vitabu walivyovipenda vilishuka kutoka mbinguni.

Hatusemi kwamba kila mtu aweze maneno 250 kwa robo saa. Tena hesabu ya maneno katika lugha yetu si hesabu ile ile. “Hatukuwaandikia” kwetu ni neno moja. Mwingereza atahitaji sita kulisema. Mtu aandikaye Kiswahili akipata maneno 300 mazuri kabla jua halijatoka, na asiwaonee haya wa Posta.

Lakini hatuna haja ya kwenda Uingereza. Marehemu Shaaban Robert, ambaye kila mtoto aliyepita shule amelisikia jina lake, alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akaingia ukarani katika Idara ya Forodha mwaka 1926. Humo alidumu hata 1944. Akahamishwa Idara ya Wanyama, Mpwapwa. Mwaka 1946 akarudi Tanga, ofisi ya wilaya. Tangu 1952 akawa katika ofisi ya upimaji wa ardhi, hata 1960. Jumlisheni wenyewe: ni miaka 34 ya kuandika barua za watu wengine, kujaza vitabu vya hesabu na kungojea uhamisho. Mashairi yake, insha zake, Kusadikika na Adili na Nduguze, vyote vilitungwa na mtu aliyekuwa akiitikia kengele ya ofisi. Alipopumzika kazini alibakiwa na muda wa miaka miwili tu, maana alifariki Juni 1962. Mtu akituambia kwamba karani hawezi kutunga kwa sababu ya ukarani, twamwonyesha miaka hiyo 34.

Na si yeye peke yake. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kushika uhariri wa magazeti, kisha Mzimu wa Watu wa Kale ikapata tuzo ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapwa 1960. Naguib Mahfouz wa Misri alitumikia Serikali tangu miaka ya 1930 hata 1971, akitunga baada ya saa za ofisi. Mwaka 1988 akapewa tuzo ya Nobel. Euphrase Kezilahabi na Abdulrazak Gurnah walikula mshahara wa ualimu. Hata huyo wa mwisho, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, alifundisha chuo kikuu huko Uingereza mpaka alipostaafu.

Kwa nini ikawa hivi? Sababu ya kwanza ni fedha, nasi twataka kuisema wazi kwa kuwa mwenzetu anayo familia. Mtungaji halipwi kwa siku wala kwa mwezi. Hulipwa mrabaha, nao huwa sehemu ndogo ya bei ya kitabu, mara nyingi kama moja katika kumi. Tuseme kitabu chauzwa shilingi 10,000, na nakala 1,000 zimeuzwa zote: mtungaji atapata shilingi 1,000,000, kwa kazi ya mwaka mzima au miwili, tena baada ya nakala kuuzwa, wala si kabla. Kikichaguliwa kuwa kitabu cha shule mambo hugeuka. Lakini nani ajuaye kitakachochaguliwa? Ziko tuzo, kama ile ya Mwalimu Nyerere inayotolewa nchini tangu 2023, nazo ni jambo jema sana. Ila mtu hawezi kumwahidi mwalimu mkuu kwamba ada italipwa kwa tuzo.

Sababu ya pili twaiona kubwa kuliko fedha. Mtu mwenye mshahara aweza kukataa. Mchapaji akimwambia aondoe sura fulani, au aiuze hadithi yote kwa bei ya kutupa, karani aweza kuirudisha kabatini akaenda zake kazini kesho. Asiye na mshahara hutia sahihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, nayo humlinda mtungaji. Lakini sheria haimsaidii sana mtu aliyekwisha kutia sahihi kwa njaa.

Hapo sasa twafika mahali ambapo vitabu vya maisha ya watungaji hupita haraka, nasi twapenda kukawia. Ile saa ya alfajiri hulipwa na nani? Trollope alikuwa na mtumishi mzee aliyemwamsha na kumletea kahawa kila siku, akimwongezea pauni 5 kwa mwaka kwa kazi hiyo, naye amekiri kwamba mtu huyo alimfaa kuliko wengine wote. Katika nyumba zetu ni nani aamshaye? Ni nani awashaye moto, ni nani awanyamazishaye watoto kwa sababu baba anaandika, ni nani apelekaye mtoto zahanati siku ambayo sura ya saba haijakwisha? Sote twamjua, wala hatujasikia bado kwamba amepewa pauni 5. Mwenzetu katika kuleta shauri lake alitaja mshahara, akataja mchapaji, akataja utulivu. Mke wake hakumtaja. Twaomba amwulize kabla hajatuuliza sisi. Na wanachama wa kike wanaotunga, nao wapo, watatuambia kwamba saa ile hawaamshwi na mtu, bali huiiba baina ya jiko na daftari la mahudhurio.

Iko hatari nyingine kwa sisi watumishi, nayo ni siri ya ofisi. Hapa Bugarama, tangu mgodi wa Bulyanhulu uanze kazi mwaka 2001, na hata zamani zaidi kwa ajili ya wachimbaji wadogo, mezani petu hupita habari ambazo mtungaji yeyote angezitamani: mashauri ya fidia, ugomvi wa mipaka, wajane wanaotafuta haki ya waume waliofia katika duara. Jalada si mali yetu. Mtu aliyeleta shida yake dirishani hakuileta ili aisome tena kitabuni na jina limegeuzwa herufi mbili. Kilicho halali ni kile ambacho sikio limezoea: jinsi mzee wa Kisukuma anavyoanza kwa kuuliza hali ya ng’ombe kabla hajataja neno lililomleta, jinsi mtu aliyepata dhahabu jana anavyotembea leo, jinsi mwongo anavyotaja tarehe upesi mno. Hayo ofisi hutufundisha bure. Twaamini Bwana Abdulla alijifunza kuingia katika nyumba za watu na kutazama pembeni kwa macho ya mkaguzi, ndipo akamtunga mpelelezi wake, Bwana Msa. Lakini hayo ni mawazo yetu tu.

Baada ya kuandika huja kazi iliyo ndefu kuliko kuandika, yaani kusahihisha. Kila mtu wa hapa amekwisha kuona karasha likisaga mawe, na mchanga ukipelekwa kuoshwa, na kiroba kizima kikaacha kijichembe ambacho mtu hukifungia katika kipande cha karatasi. Mtungaji hufanya hivyo kwa kurasa zake. Husoma kwa sauti; panapokwama ulimi, hapo pana kosa. Siku nyingine saa nzima hupita na neno moja tu limebadilishwa, na asiyejua angesema mtu huyo hakufanya kazi.

Tena kuna kungojea. Ng’ambo ya ziwa letu, kisiwani Ukerewe, aliishi Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, mwanafunzi wa seminari ya Rubya, mwalimu wa dini na mfasiri wa misheni. Aliona desturi za Wakerewe zikisahauliwa, akawauliza wazee, akatunga kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliopendana na kukosa mtoto. Naye mwenyewe na mkewe walikuwa wamezika watoto wao. Aliimaliza mwaka 1945. Hakupatikana mchapaji. Padre mmoja Mkanada, rafiki yake, aliifasiri kwa Kifaransa na kuihangaikia, akafa kabla haijafaa kitu. Mzee akiwa na umri mkubwa akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo ilipochapwa, mwaka 1980, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Yeye alifariki 1981. Ni miaka 35 tangu nukta ya mwisho hata kitabu. Kufikirika ya Shaaban Robert nayo iliandikwa katika miaka ya 1940, ikatoka 1967, mwenyewe yu kaburini miaka 5.

Tumeyakumbuka haya mara nyingi tulipokuwa tukiyasoma madaftari ya mwenzetu. Je, Mzee Kitereza angalikuwa ametegemea hadithi ile kwa chakula chake? Miaka 35 ni mingi kwa kulala njaa. Lakini pia, angaliiweka wapi kama asingaliamini kwamba ni kazi, wala si mchezo wa jioni? Mambo haya mawili twayashika pamoja, wala hatuwezi kuachilia moja.

Basi hili ndilo shauri tumpalo mwenzetu, naye yu huru kulikataa. Barua yake ya kuacha kazi asiipeleke sasa. Anazo siku 28 za likizo ya mwaka. Azichukue zote, asisafiri, akae mezani kila alfajiri kwa saa tatu kama mtu wa zamu, na jioni ahesabu kurasa zilizobaki baada ya kusahihisha. Likizo ikiisha atakuwa na hesabu mkononi: yeye ataona kama kutwa nzima humpa zaidi ya alfajiri peke yake, na mkewe ataona gharama yake. Watungaji wengine hukuta kwamba saa ya nne mezani haizai kitu, na kwamba ofisi haikuwa ikiwanyang’anya ila zile saa ambazo wangezipoteza kwa kutazama ukuta. Wengine hukuta kinyume. Akikuta kinyume, na mkewe akikubali, Halmashauri itamsaidia kuandika barua yenyewe kwa adabu, na kudai haki zake zote za utumishi kwa utaratibu.

Jambo la pili si la kungoja likizo. Madaftari yale ni nakala moja tu, tena yamewekwa katika nyumba ambayo mchwa wamekwisha kula mlango wake. Yaletwe yadurufiwe kwa mashine ya Chama. Karatasi zimekubaliwa na Mweka Hazina. Nakala moja ikae kwa Katibu.

Sisi tumesoma daftari la kwanza na la pili. La tatu twaomba tuletewe mapema, maana la pili limekwisha na yule mchimbaji kijana bado yumo ndani ya duara, kamba imekatika, na ndugu yake aliye juu hajaamua kama atapiga kelele.