Okestra Isiyo na Majina

Leo nina santuri mbili mezani.

Ya kwanza ni ya Marvin Gaye, What's Going On, iliyotoka Mei 1971. Ni soul ya Detroit iliyopambwa na wapiga fidla wa okestra ya simfoni ya mji huo. Wajuzi huisifu kwa fidla hizo na kwa besi ya James Jamerson. Mimi naisifu kwa jalada lake. Lebo ya Motown ilikuwa imetamba kwa zaidi ya miaka kumi bila kuwataja wanamuziki wake wa studio. Ni kwenye albamu hii majina yao yalipochapishwa kwa mara ya kwanza.

Ya pili ni ya kwetu. Sauti zake zilinaswa hapa Burundi mwaka 1967 na Mfaransa Michel Vuylsteke, zikatolewa Ufaransa na lebo ya Ocora. Humo mna inanga, ala ya nyuzi, mwimbaji akinong'ona badala ya kuimba. Mna akazehe, zile salamu za wasichana wanaopokezana sauti mbio mbio. Mna umuduri, upinde wa muziki, na ikembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Ila dunia iling'ang'ania kipande kimoja tu, nacho ni ngoma.

Hebu utazameni mwaka huo wa 1967. Tarehe 28 Novemba 1966 waziri mkuu Micombero alimpindua mfalme, Mwami Ntare wa Tano, na kutangaza jamhuri. Ngoma zile zilikuwa za mwami. Zililia kwenye umuganuro, sherehe ya kufungua msimu wa kupanda mtama, na si kila mtu aliruhusiwa kuzigusa; zilikuwa na koo zake, abatimbo. Basi kinasa sauti kilifika mwami ameshaondoka, wapigaji wake wangali na nguvu zote.

Na ile ni okestra kamili, msidanganyike. Ngoma za mti wa umuvugangoma hupangwa nusu duara. Amashakwe hushika pigo moja, hayayumbi. Ibishikizo hufuata ngoma kiongozi. Mbele yao kuna inkiranya, ndiyo inayoamuru: ikigeuza, wote wanageuza papo hapo. Asiyeijua inkiranya husikia kishindo tu.

Mwaka uleule wa 1971, Mfaransa Michel Bernholc aliichukua rekodi hiyo, akaongeza gitaa na piano juu yake, akaiuza kwa jina la Burundi Black. Ilifika nafasi ya 31 kwenye chati ya Uingereza. Huku Detroit mpiga besi anaandikwa jina, huku watu wa Burundi wanageuzwa jina la santuri ya mtu mwingine.

Mwaka 1975 akaja mwimbaji Joni Mitchell na wimbo The Jungle Line. Alikata kipande cha ngoma hizo, akakizungusha mwanzo hadi mwisho wa wimbo, akaweka juu yake kinanda cha umeme, Moog. Wimbo ni wa kijasiri na naupenda. Ulitangulia kwa miaka mingi mtindo ambao hip hop ingeujengea nyumba. Lakini kipande kinachojirudia hakina amri mpya, kwa hiyo inkiranya imefungwa mikono. Na jalada lake likaziita ngoma za wapiganaji. Vita gani, jamani? Zile ni za mwami na za mtama!

Kisha zikaja bendi za Waingereza. Adam and the Ants waliweka wapiga dramu wawili ili waufikie mshindo ule, na mwaka 1981 albamu yao Kings of the Wild Frontier ikashika namba moja kwao. Bow Wow Wow nao wakapita njia hiyohiyo.

Wapigaji wa Burundi wenyewe walipanda jukwaani Uingereza mwaka 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, huko Shepton Mallet. UNESCO ikaja kuutambua urithi huu mwaka 2014. Miaka mitatu baadaye, amri ya rais hapa nyumbani iliwakataza wanawake kuzipiga, na hilo linahitaji kipindi chake peke yake.

Sasa fundi mitambo anaweka ile rekodi ya 1967, bila gitaa, bila Moog. Msihangaike na kishindo. Itafuteni ngoma moja inayotangulia kugeuza.